Tukae Pwani au Tukae Bara?

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 mwenye nyumba wetu alibisha hodi jioni, akaketi, akanywa chai, akazungumza habari za mvua na za watoto. Alipoinuka kwenda zake ndipo aliposema neno alilolijia: nyumba ile ataibomoa, mahali pake atajenga maduka, nasi tutafute pengine pa kukaa kabla ya Pasaka. Hakusema kwa ubaya. Mwenge ya leo kila ukuta unaotazama barabara unataka kuwa duka, na mwenye mali ana haki na mali yake. Lakini usiku ule mimi na mke wangu hatukulala mapema.

Mimi ni karani wa parokia, umri wangu miaka 36. Nilisomea ualimu chuoni kule Songea, nikapata cheti, nikangoja ajira; wengi wa rika langu wanajua kungoja huko kulivyo. Mwisho nikaja Dar es Salaam, na kazi niliyoipata ni hii ya vitabu: ubatizo, ndoa, mazishi, zaka, na barua za waumini wanaohama. Hizi za kuhama ndizo nyingi. Mwaka hata mwaka naandika: familia fulani inahamia Goba, fulani Madale, fulani Chanika, fulani Kibamba. Nilizoea kuuliza, "Mnahamia wapi?" kama mtu aulizaye saa. Sasa swali likanigeukia mwenyewe.

Tulikuwa na akiba. Miaka 11 tuliiweka kidogo kidogo, mimi kwa mshahara, mke wangu kwa vitumbua vya asubuhi na kwa upatu, hata ikafika shilingi milioni 9 na laki 4. Kwa fedha hiyo hupati hata kibaraza hapa Mwenge. Basi tukasema, tusipange tena. Tununue kiwanja mbali kidogo, tuinue vyumba viwili, tuhamie hivyo hivyo bila lipu. Kosa hapo lisingerudiwa, maana akiba ya miaka 11 haipatikani mara mbili kwa karani.

Katika muda wa mwezi mmoja tukapata habari za viwanja viwili. Cha kwanza kilikuwa Kunduchi Pwani. Mwenyewe ni mzee anayemwuzia mke wangu samaki. Cha pili kilikuwa Mabwepande. Habari zake tulizipata kwa jirani wa jumuiya yetu. Atokaye Mwenge kwa Barabara ya Bagamoyo ana bahari kuume na bara kushoto, na gari ni lile lile. Linapita Lugalo, Tangi Bovu, Africana. Ukishuka Mtongani na kukata kuume, unafika Kunduchi, kijiji cha wavuvi chenye bandari ya ngalawa na mashua. Ukivumilia kukaa, ukapita Tegeta na Boko mpaka Bunju, kisha ukakata kushoto, unaingia Mabwepande, kwenye vilima na mihogo. Kwa daftari la serikali zote mbili ni kata za Manispaa ya Kinondoni. Lakini mtu akifika huko huona kuwa bado kuna maisha ya kijiji, kimoja cha bandarini, kimoja cha bara.

Sasa niwaambie sisi ni watu wa wapi, maana bila hilo hamtaelewa ugomvi wetu.

Mimi nimezaliwa Umatengo, katika milima ya Mbinga. Kwetu watu hulima ngoro. Majani hukatwa na kulazwa juu ya mteremko kwa miraba, udongo ukachimbwa katikati na kufunikwa juu ya majani, maharage yakapandwa kwenye kingo, na msimu wa pili mahindi. Mvua ikinyesha, maji hukaa ndani ya vishimo wala hayaburuti udongo. Watu wa mbali huja kuyapiga picha mashamba hayo, na kweli yanapendeza. Lakini anayepiga picha hajapanda mlima ule na ndoo kichwani. Chemchemi iko chini, nyumba iko juu. Na hospitali iko mbali. Dada yangu mkubwa alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa masika. Vijana wanane wakambeba kwa machela, wakipokezana, katika utelezi. Hakufika. Nilikuwa na miaka 14, nami nilikuwa nimeshika taa.

Mke wangu ni wa Mbamba Bay, bandarini, kwenye Ziwa Nyasa. Baba yake alikuwa mvuvi wa usipa, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani hata kijiji kizima kikameta kama fedha. Kwao meli ikipiga honi, watu huacha vyungu jikoni.

Mtu angedhani kila mmoja wetu atavutia kwao. Hasha! Ikawa kinyume. Mimi mtu wa mlima nilitaka pwani. Yeye mtu wa bandari alitaka bara. Nilipoiona bahari mara ya kwanza, nikaona watu wanavuta wavu na samaki wanarukaruka, nilidhani nimefika nchi ambapo chakula hujileta chenyewe mpaka mlangoni. Yeye alipoona mihogo ya Mabwepande alisema, "Hapa mtu akilala anajua kesho atakuta nini." Tulikuwa kila mmoja anakimbia kwao.

Basi tukakubaliana tusiamue kwa maneno. Twende tukaone, tena si mara moja, maana mahali pana nyuso mbili, uso wa msimu mwema na uso wa msimu mbaya.

Kunduchi tulikwenda mwezi wa Septemba, Jumamosi, alfajiri. Nawaambieni, ni vigumu mtu kupafika pale saa kumi na mbili asubuhi asipapende. Vyombo vilikuwa vinaingia, vingine kwa tanga, vingine kwa mashine. Samaki walimwagwa juu ya turubai: changu, tasi, kolekole, vibua. Dalali akapaza sauti, bei ikapanda, na kabla hujamaliza kuuliza samaki yule anaitwaje, amekwisha kuuzwa. Kando yake wanawake walikuwa na makarai makubwa juu ya moto, wakikaanga, na kila mmoja ana wateja wake. Mke wangu aliwatazama hao kwa macho ya mtu wa kazi. Aliuliza bei ya mafuta, bei ya kuni, na ni siku ngapi kwa mwezi bahari hukataa.

Swali hilo mimi nisingelijua kuliuliza. Akajibiwa kwamba wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazifai kitu, kwa hiyo katika kila mwezi kuna siku hawatoki. Tena pepo. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili au Mei hata Septemba, bahari ni chafu na vyombo vidogo havithubutu kwenda mbali. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, hupata nafuu. Bahari hulipa kila siku, lakini siku asiyolipa haitoi sababu. Mkulima kwetu hulipwa mara moja kwa mwaka, naye amezoea kugawa debe la mahindi kwa miezi. Nilianza kufahamu kwa nini mke wangu, mtoto wa bandari, huficha fedha katika vikopo vitatu mbalimbali.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kizuri kupita kiasi. Minazi minne, upepo, na kisiwa cha Mbudya mbele ya macho. Bei yake milioni 4. Nilipiga hatua kutoka ukingoni mwa maji mpaka jiwe la mpaka: hatua 38. Nilifurahi. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, mbona ni rahisi hivi?"

Tulirudi Januari, siku ya bamvua, ndipo nilipojibiwa. Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nayo pwani hii huinuka kwa zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Zile hatua 38 nilizihesabu maji yakiwa yametoka. Sasa mnazi mmoja ulikuwa umesimama mizizi nje, kama mtu aliyeinua kanzu asilowe. Nyumba ya jirani ngazi yake ya mwisho ilikuwa inaning'inia hewani. Bibi mmoja aliyekuwa anasuka ukili kibarazani tukamwamkia, akatuitikia, akatuuliza shida yetu. Tulipomweleza akanyosha kidole baharini, mahali ilipofungwa ngalawa. "Pale," akasema, "palikuwa uani kwa mama yangu. Wanangu, mimi nimepika pale."

Mambo haya yanajulikana na wenye elimu wamekwisha kuyaandika. Bahari imekula ufuko wa Kunduchi kwa miaka mingi. Msikiti wa zamani na nyumba kadhaa zimekwisha kuchukuliwa. Ile hoteli ya Africana, ambayo jina lake limebaki kituoni tu, nayo ilishindwa na maji. Mojawapo ya sababu inayotajwa ni mchanga. Mito midogo ishukayo kutoka bara, kama Mbezi na Tegeta, ndiyo iliyokuwa inaleta mchanga ufukweni, mawimbi yakila, mito ikirudisha. Lakini mji umekua, watu wanajenga, na mchanga huchimbwa mitoni kwa malori kabla haujafika baharini. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kitambo. Maana yake ni kwamba nikienda kujenga bara, huenda tofali langu litafyatuliwa kwa mchanga uliokuwa njiani kwenda kuulinda uwanja wa yule bibi.

Tena iko sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu katika mita 60 toka ukingo wa bahari. Hatua zangu 38 hazikufika hata mita 30. Mzee yule hakuwa mwongo. Kiwanja ni cha baba yake na cha babu yake, sheria na maji vimemkuta ndani. Lakini mimi nilikuwa nakwenda kujitia kwa hiari yangu na kwa akiba yangu yote.

Wengine watasema, Kunduchi si ufuko peke yake, mngetafuta ndani kidogo, kule Mtongani. Tuliuliza. Bei ya kule si ya karani.

Nikiwa bado na huzuni ya kukikosa kiwanja kile, nilikumbuka habari za wamisionari wa kwanza wa nchi hii, nazo zilinifariji kidogo kwa sababu hata wao walitangatanga. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzia bandarini, Bagamoyo, mwaka 1868. Mwaka 1872 tufani ikawabomolea karibu kila kitu; wakajenga tena pale pale, lakini miaka iliyofuata wakafungua pia vijiji vya bara, Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881. Wabenediktini wakaenda njia ya kinyume: wao walianza bara, kwenye vilima vya Pugu, mwaka 1888, Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misioni ikashambuliwa na kuchomwa, na baadaye wakajipanga upya bandarini, hapa Dar es Salaam. Kutoka hapo ndipo walipofika hata kwetu kusini, wakaanzisha Peramiho mwaka 1898. Hivyo kitabu cha Kanisa hakikunisaidia kuchagua. Kilinionyesha tu kwamba watu wenye akili wamewahi kukimbia pande zote mbili.

Sasa habari za Mabwepande.

Wengi wenu mnalijua jina hilo kwa sababu ya mafuriko. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukafurika, watu wapatao 40 wakafa, na wakazi wa mabondeni wakabaki bila kitu. Mwaka 2012 serikali ikawapeleka wengi wao Mabwepande, kwanza katika mahema, wakapewa viwanja. Jambo jema, kiwanja bure, mlimani, ambapo maji hayafiki. Lakini si siri kwamba baadhi yao waliuza viwanja wakarudi bondeni. Zamani niliposikia habari hiyo niliwacheka. Nilisema, mtu gani huyu anayeacha kilima na kurudi matopeni? Sasa nimekwenda mwenyewe na kuuliza, sicheki tena. Mwanamke aliyekuwa anaishi kwa kuuza maandazi Kariakoo alfajiri, ukimpeleka Mabwepande umemwokoa na mto na kumtenga na mkate wake. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inakula faida yote. Alirudi bondeni si kwa ujinga, bali kwa hesabu.

Basi nikakaa nikapiga hesabu yangu. Kutoka Mabwepande hata ofisini kwangu Mwenge: kutembea, bodaboda mpaka Bunju, kungoja gari, foleni ya Tegeta. Siku njema ni saa moja na nusu. Siku mbaya usiulize. Nikazidisha kwa kwenda na kurudi, nikazidisha kwa siku 6 za kazi. Nikamwonyesha mke wangu karatasi. Akaisoma, akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Umehesabu saa zako tu. Wewe nyumba hiyo utaiona usiku. Mimi na watoto na mama yako ndio tutakaokaa humo mchana kutwa. Hesabu na zetu."

Nilikuwa nimechagua mahali pa kukaa kana kwamba mkaaji ni mimi peke yangu, kumbe mimi nitakuwa mgeni wa kulala.

Tukaanza upya. Mama yangu, aliye na sisi tangu mwaka 2021, magoti yanamwuma. Kwake yeye la kwanza ni zahanati na choo kisicho na ngazi. Mke wangu la kwanza ni maji na biashara. Watoto tunao watatu, wasichana wawili na mvulana. Mkubwa ana miaka 11. Hapo ndipo mke wangu aliponieleza sababu yake hasa ya kuikataa bandari, jambo ambalo katika miaka 12 ya ndoa hakuwahi kulisema wazi.

Alisema walikuwa wasichana saba marafiki, darasa moja. Asubuhi walitumwa ufukoni na mama zao kutafuta kitoweo. Mwenye fedha hununua. Asiye na fedha huomba. Na mvuvi kijana aliyerudi na samaki wengi ana moyo mkarimu. Leo samaki wawili, kesho wanne, keshokutwa kanga. Hakuna aliyeona ubaya mpaka ubaya ulipokuwa umekwisha kuingia nyumbani. Katika wale saba, waliomaliza shule ni watatu. "Baba yangu mimi alikuwa mvuvi," akasema, "kwa hiyo kitoweo kilikuwapo nyumbani, sikuhitaji kuomba. Sikuwa na akili kuwazidi wenzangu. Nilikuwa na samaki tu."

Nimeandika haya kwa ruhusa yake. Wala sisemi Kunduchi ni hivyo; watu wake tuliwaona ni wa heshima na kazi, na yule bibi wa ukili alitukaribisha uji kama ndugu. Nasema kile alichokibeba mke wangu kutoka kwao, kama mimi nilivyobeba ile taa.

Lakini haki itendeke pande zote. Nilipomwuliza mama mmoja wa Mabwepande, mwuza mboga, kama huko bara wasichana wako salama, alicheka. "Bandarini ni samaki," akasema, "huku ni lifti." Shule ziko mbali na nyumba nyingine, jua ni kali, njia ni ya vichaka, na kijana mwenye bodaboda anasimama na kusema, dada panda nikufikishe. Leo bure, kesho bure. Hadithi ni ile ile, kilichobadilika ni chombo tu.

Neno la yule mama lilinifungua macho kuliko yote niliyoyaona. Tulikuwa tunauliza bahari au mlima. Kumbe swali la kweli kwa binti yangu lilikuwa dogo na la kupimika: kutoka mlangoni mpaka shuleni ni dakika ngapi, na apite mbele ya nani?

Kiwanja cha Mabwepande kilikuwa na hatua 40 kwa 30, chenye mikorosho mitatu na udongo mwekundu mzuri. Moyo wangu wa Kimatengo ulikwisha kupanda maharage pale. Januari, katika jua la kiangazi, nikamchukua binti yangu mkubwa, nikatazama saa, tukatembea mwendo wake si wangu mpaka shuleni. Dakika 55. Njiani hatukupita mbele ya nyumba hata moja kwa muda wa dakika 20. Bodaboda wanne walitupita. Wawili walipunguza mwendo, walipotambua kuwa mimi ni baba yake wakaongeza.

Tukaonyeshwa kiwanja kingine kwa bei ile ile, milioni 4 na nusu. Hatua 20 kwa 20. Hakuna mkorosho, hakuna mwinuko, jirani huku na jirani huko, ukikohoa wanakuitikia. Shule dakika 12, njia yote ni mbele ya vibaraza vya watu. Zahanati si mbali. Nilibisha, nakiri. Nilimwambia mke wangu kuwa hiki si kiwanja, ni sanduku. Kwa nini tutoke Mwenge kukimbia kubanana halafu tukabanane porini? Nilibisha wiki mbili nzima. Mama yangu, aliyezaliwa mlimani na kuzeeka mlimani, ndiye aliyemaliza kesi. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Dada yako angekuwa na majirani karibu hivyo, wangemsikia mapema."

Tukanunua kile kidogo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akashuhudia, tukatia sahihi, na mimi kwa tabia ya ukarani nikataka nakala mbili.

Mwenye nyumba wetu wa Mwenge, nimtendee haki, alipobomoa alituachia milango miwili, madirisha na mabati ya upande mmoja kwa bure. Kwa hiyo mlango uliotufukuza ndio tunaoufunga sasa usiku. Tulihamia wiki ya kabla ya Jumapili ya Matawi mwaka 2025. Nyumba haina lipu wala dari. Barua ya kuhama niliiandika mwenyewe, nikagonga muhuri, nikampelekea paroko atie sahihi. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Wanahamia wapi?" Kisha akaona jina.

Sitawadanganya kwamba tumefika peponi. Maji hununuliwa; kiangazi dumu la lita 20 limefika shilingi 500, na boza lisipokuja watu hulala na kiu. Mimi naondoka saa kumi na nusu alfajiri. Mtoto wetu wa mwisho aliniita "shikamoo mgeni" siku moja, kwa utani, lakini niliuhisi.

Na mke wangu je, aliyeikataa bandari? Siku tatu kwa juma tunaondoka pamoja na giza. Anabeba ndoo mbili tupu. Mtongani anashuka, anakwenda Kunduchi mnadani, ananunua, anarudi na gari la Bunju kabla jua halijawa kali, anakaanga mbele ya nyumba. Mabwepande samaki ni adimu na watu wanawangoja. Kabla ya adhuhuri amekwisha kuuza. Yule mzee wa kiwanja ndiye anayemshikia samaki wazuri, wala hakutukasirikia. Mke wangu anasema anaipenda bahari sana, ila anapenda kuiacha saa mbili asubuhi. Makondakta wengine humtoza nauli ya ndoo, wengine humwambia akae nyuma kabisa kwa sababu ya harufu, naye huwajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la familia.

Jumamosi iliyopita mbalamwezi ilikuwa imeanza, dagaa hakuna, na upepo ulikuwa mkali. Alirudi na pweza wawili na ndoo moja tupu, nauli imekwenda bure, uso umefura. Siku hiyo hiyo mimi nilikuwa nimelipia madumu sita ya maji. Hatukuzungumza sana. Mama akapiga pweza kwa mti hata akalainika, watoto wakaleta kuni, tukala.